Dagaa wa Daraja la Kwanza

Mzee Massoud Shaib alitazama katani kwa miaka thelathini na mmoja, na mwisho wake akawa hawezi kutazama kitu kingine chochote kwa jicho la kawaida. Mkewe akimpa chai, aliinua kikombe kwenye mwanga kwanza. Ukimwamkia na kumpa mkono, alikuvuta vidole kidogo, kama anayepima urefu wa singa ya katani, ndipo akasema marahaba. Kazi yake kule kwenye shamba la mkonge ilikuwa kupanga madaraja. Mafungu ya katani yalipita mbele yake kama watahiniwa: hili refu, jeupe, halina doa, la kwanza, hili lina madoa, la tatu, na lile fupi, lililosokotana, liliandikiwa herufi mbili za Kizungu, UG, maana yake chini ya daraja. Mwaka 1985 shamba lenyewe likawa chini ya daraja. Mashine zikasimama, watu wakapunguzwa, na Mzee Massoud akabaki nyumbani, mtaa wa Makorora, na kiinua mgongo ambacho hakikumwinua hata shingo.

Nyumbani vilimbakia vitu viwili vya kutazama: mkewe Bi Kazija, na paka.

Paka huyo alimwokota mwaka 1983 nyuma ya duka la kaya, siku ambayo watu walipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri na sabuni ikaishia kwa mtu wa kumi na mbili. Wenzake walirudi na matusi, yeye akarudi na paka. Alikuwa jike, kijivu, mfupi, manyoya yamesokotana. Mzee Massoud akamgeuza huku na huku, akampa daraja lake: Yu-Ji. Jina likamganda. Uani sote tulimwita Yuji, na wengine walidhani ni jina la Kihindi.

Bi Kazija, kama mumewe, alizaliwa Pemba, na mambo yake aliyafunga mafundo mawili. Katika miaka ile ambayo sukari haikuonekana dukani, yeye alikuwa nayo mwilini, tele, bila kibali cha mtu. Ugonjwa ukamshika miguu, ikafa ganzi. Ungemwekea kaa la moto kwenye unyayo angekuuliza kitu gani kinanuka. Watu husema panya hung'ata huku akipuliza, ili usisikie. Kwa Bi Kazija panya hakuhitaji hata kupuliza. Asubuhi moja ya mwaka 1984 aliona damu kwenye shuka, akadhani ni kunguni, mpaka alipotazama mguu wa kushoto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeliwa nusu. Hospitali wakakimalizia.

Mimi nililijua jambo hilo kwa sababu nilikuwa nimepanga chumba cha mwisho uani, na nilikuwa na mwaka mmoja wa diploma ya mifugo kati ya miwili inayotakiwa, ndiyo maana wakaniita Nusu Daktari, na wavivu wakaniita Nusu. Siku ile ya damu Mzee Massoud alinijia kuuliza kama jino la panya lina sumu. Nikamwambia aache kuniuliza mimi, ampeleke mkewe hospitali. Waliporudi akanivuta pembeni akaniapisha.

"Mwanangu, kuliwa na panya ni jambo la maiti asiye na wenyewe. Bi Kazija hataki lisikike. Likisikika, limetoka kwako."

Tangu hapo Yuji akawa analala miguuni pa Bi Kazija, juu ya mkeka, na panya hakurudi tena. Wala hakuhitaji kuwakamata. Harufu yake ilitosha. Tena Mzee Massoud hakutaka awakamate, maana Makorora nzima ilikuwa ikitega sumu ya panya, na panya aliyekula sumu ni sumu yenye mkia. Paka akimla huyo, kwaheri. Kwa hiyo ilibidi Yuji alishwe nyumbani, na alishwe akashiba, asimtamani panya wa watu.

Miaka ya shida alimlisha ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, uliotiwa mchuzi wa vichwa vya samaki, siku vilipopatikana. Paka akadhoofu, manyoya yakapukutika, macho yakafifia mpaka akawa anagonga miguu ya viti. Mzee Massoud akaapa kwamba Mungu akifungua mlango, paka huyu hatashibishwa nafaka tena. "Paka si kuku," alisema. "Ukimlisha unga unamjaza tumbo na kumuua kwa njaa."

Mlango ukafunguka. Ruksa ya kuingiza bidhaa ikaja. Maduka yaliyokuwa yakiuza vumbi na salamu yakajaa betri, vitenge na biskuti za rangi tatu. Watu walikuwa wamesahau kuchagua; waliona kitu, wakanyakua, wakauliza baadaye ni cha nini. Mzee Massoud peke yake hakunyakua. Kila Jumamosi alikwenda sokoni kwa ajili ya paka, na wauzaji walimjua na kumwogopa kuliko bwana afya. Mapafu ya ng'ombe aliyabonyeza kwa dole gumba akasubiri yarudi. Samaki alimfunua mashavu, akamnusa, kisha akampinda kidogo. Samaki wa baruti alimtambua hapo hapo, kwa sababu mifupa yake ilikuwa imesagika ndani kama chupa. "Huyu atamtoboa utumbo," alisema, akamrudisha taratibu, kama anayemrudisha mtoto wa watu. Samaki wa chumvi, hapana. Wa kukaangwa na pilipili, hapana.

"Mzee, kwani ni wa mgonjwa?"

"Wa paka."

Hapo soko zima lilicheka, na yeye akaendelea kuchagua.

Aliyecheka kuliko soko alikuwa Beatrisi, Mbondei wa Muheza, mwenye chumba cha mbele, ambaye tulimwita Mama Yudith. Alikuwa mtunza stoo ya dawa za mifugo, mama wa watoto wanne, na mume wake alikwenda kutafuta maisha akayapata huko huko. Jioni Mzee Massoud akikaa barazani kuchambua mifupa, Mama Yudith alipita na ndoo.

"Mzee Massoud, huyo paka akifa niachie nafasi yake."

"Nafasi gani, Mama Yudith?"

"Ya kula."

Mzee alitabasamu, akaendelea kuchambua. Wiki iliyofuata: "Wanangu wanakula dagaa na mende wao, paka wa Mpemba anatolewa miba. Nikifa niombeeni nizaliwe na mkia." Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tano haikuwa mzaha tena. Alikuwa akisema kwa sauti ya kufika ndani, nyuma ya pazia, ambako Bi Kazija alikaa miguu ameifunika, akisikia kila neno na hajibu. Mwishowe wanawake wale wawili, waliokuwa wakiombana chumvi, wakawa hata hodi hawapigiani. Nami neno moja tu lingemaliza yote, na neno lenyewe nimeapishwa.

Masika ya 1986 ilinyesha siku kumi mfululizo. Samaki wabichi wakaadimika. Jumamosi asubuhi Mzee Massoud akaenda kwa Ernesti, kijana aliyeuza dagaa wakavu waliokuja kwa magunia kutoka bara. Ernesti alikuwa na mafungu mawili. La kwanza dagaa wake walikuwa wamevunjika, wamefifia, na vidudu vinatembea humo bila wasiwasi. La pili walikuwa wazima, wakavu, wanang'aa kama sindano.

"Hawa mbona hata nzi hawana?" aliuliza Mzee Massoud.

"Hao wana dawa, mzee."

"Dawa?"

"Dawa kweli. Mdudu hagusi."

Kwa mtu ambaye maisha yake yote kitu kisicho na doa kilikuwa ndicho cha kwanza, halikuwapo swali la pili. Tena dawa. Mwenye mgonjwa nyumbani, neno hilo humnukia vizuri. Akachukua nusu kilo ya wale wanaong'aa kwa ajili ya Yuji, na wale wa vidudu akachukua kwa ajili yake na mkewe, kwani ndio walikuwa rahisi. Nyumbani, dagaa wa siku zote aliwaroweka kwenye maji ya moto kabla ya kumpa paka. Hawa hakuwaroweka. Katani ya daraja la kwanza hairudishwi kuoshwa.

Saa tano nilikuwa nafua shati. Akaja mlangoni kwangu, hakuinua sauti.

"Nusu, hebu njoo."

Yuji alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka. Udenda ulimtoka mpaka shingo imelowa. Ngozi ilimtetemeka nyama na nyama, kama maji ya sufuria kabla hayajachemka. Nikamfunua jicho. Chumba kilikuwa na giza la mvua, mboni ingepaswa kuwa pana. Ilikuwa imesinyaa imekuwa tundu la sindano. Bi Kazija alimshika mkia kwa vidole viwili, kama anayemshika mtu asiteleze.

"Amekula nini?"

"Dagaa," alisema Mzee Massoud. "Wazuri. Wana dawa hata."

"Dawa gani?"

Akanitazama kama nimemuuliza maji ya aina gani. "Dawa," alisema.

Halafu nikamwona anaelewa. Aliangalia viganja vyake, akavipangusa kwenye msuli aliovaa, akavipangusa tena.

"Na nyinyi mmekula hao?"

"Sisi twala wale wenye vidudu," alijibu Bi Kazija.

"Basi vishukuruni vidudu."

Chuo nilikiacha katikati ya somo la sumu. Kutambua dalili tulikuwa tumefundishwa. Kutibu kulikuwa muhula uliofuata. Nilichokumbuka ni kwamba sumu za wadudu ni nyingi, na sindano ya hii haifai kwa ile. Nikapanda baiskeli, nikaenda kwa Ernesti katika mvua ile.

"Si nilimwambia?" Ernesti alisema kabla sijashuka. "Nilisema wana dawa. Mimi mwenyewe siwali hao."

"Dawa ya nini?"

"Ya kupulizia pamba. Huko bara wanapulizia magunia yasiingie mdudu. Watu wanawaosha wanakula, hujasikia mtu kafa."

"Inanuka vipi?"

Akafikiri. "Kama kitunguu saumu kilichooza."

Nikachukua dagaa mmoja nikamnusa. Harufu na mboni vikakubaliana: sumu ya jamii ile ile ya josho. Fungu lote nikalipindua mtaroni, maji ya mvua yakalichukua. Ernesti akanishika kola, nikamwambia anipige baadaye, sasa nina mgonjwa, na akitaka kujua mgonjwa wa nini aje aone. Akaniachia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka majina ya walionunua asubuhi.

"Wafuate," nilimwambia. "Mmoja mmoja."

Niliporudi Yuji alikuwa anavuta pumzi kwa tumbo, mdomo wazi. Sindano ya sumu ile ipo. Huwekwa kwenye stoo za mifugo kwa ajili ya ng'ombe waliokunywa maji ya josho. Na ufunguo wa stoo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga ya Mama Yudith, ambaye wakati huo alikuwa barazani anatwanga kisamvu.

Mzee Massoud akaenda kusimama mbele yake. Nikasimama nyuma yake.

"Mama Yudith, nina shida."

"Sema, mzee."

Nikasema mimi, kwa haraka, nikataja jina la dawa. Hakuacha kutwanga.

"Ile dawa ni ya ng'ombe wa josho," alisema. "Juzi ametoka mtu Pongwe analia, ng'ombe wake wawili wamelala chini, ikabaki kidogo. Leo nifungue stoo ya serikali, Jumamosi, nimpe paka? Paka ambaye wanangu wakimwona anakula wanameza mate?"

"Anakufa," nilisema.

"Mtapata mwingine. Makorora haijawahi kuishiwa paka."

Mchi ukaendelea. Nikamtazama Mzee Massoud. Alikuwa anatazama pazia la chumba chake, hatua sita kutoka pale, na pazia lilikuwa halitikisiki. Yuji hakufundishwa na mtu kulala miguuni pa Bi Kazija. Paka waliyekuwa naye kabla yake alilala jikoni kwenye majivu. Hilo alilijua yeye na nililijua mimi.

Akasema kwa sauti ya chini, bila haraka, kama anayesoma daraja la fungu.

"Mama Yudith. Bi Kazija hana hisia miguuni. Panya walimla kidole yu usingizini, asijue. Yule paka ndiye anayelinda vilivyobaki."

Mchi ukasimama hewani.

"Lini?"

"Mwaka juzi."

"Na maneno yote yale niliyokuwa nasema..."

"Hukujua."

Mama Yudith akauegemeza mchi ukutani. Akafungua pindo la kanga kwa meno, maana mikono ilikuwa na kisamvu, akautemea ufunguo kwenye kiganja. "Nusu, lete baiskeli," alisema. Nikampakia nyuma, na yeye si mwanamke mwembamba. Njia nzima kuelekea upande wa Chumbageni matope yaliturukia, na alisema mara moja tu: "Kanyaga. Huwa unakwenda taratibu hivi hata ukifuata pombe?"

Saa nane kasoro tulikuwa tumerudi. Sasa ikaja shida nyingine. Karatasi ya dawa ilieleza kipimo cha ng'ombe. Cha paka kilitegemea uzito, na mzani wa karibu ulikuwa dukani, umefungwa, mwenye duka kaenda msibani. Ikizidi kidogo, dawa ingemmaliza kabla ya sumu.

"Anaweza kuwa na kilo ngapi?" niliuliza.

Mzee Massoud akaingiza viganja chini ya paka, akamnyanyua, akafumba macho.

"Mbili na robo tatu."

"Una hakika, mzee?" aliuliza Mama Yudith.

"Jicho langu leo limenidanganya. Mkono haujanidanganya bado."

Nikachukua mkaa, nikapiga hesabu ukutani. Nikairudia. Nikavuta dawa kwenye bomba la sindano, nikaligonga kwa kucha, nikamshika Yuji ngozi ya shingo.

"Subiri," alisema Mama Yudith. Alikuwa anausoma ukuta, midomo ikitembea. "Nusu. Hiyo nukta."

"Imefanyaje?"

"Umeiweka baada ya sifuri badala ya kabla yake. Hiyo ni dozi ya mbuzi. Unamuua."

Nikatazama. Alikuwa sawa. Mama Yudith akaninyang'anya bomba, akamwaga mpaka ikabaki tone na nusu, akanirudishia. "Sasa choma. Na usifumbe macho wewe, huna uzito wa kupima."

Nikachoma.

Mvua ilipiga bati. Bi Kazija alikuwa amekaa vilevile, miguu imefunikwa, hajamtazama mumewe wala Mama Yudith, anamtazama paka tu. Nilihesabu pumzi za Yuji nikapotea hesabu, nikaanza upya, nikapotea tena. Udenda ukaendelea kutoka. Mama Yudith akaupangusa kwa pindo la kanga yake, akaupangusa mara nyingine, kisha akaniuliza, "Hautoki tena, au mimi sioni?"

Ulikuwa umekauka. Nikamfunua jicho: tundu la sindano lilikuwa limekuwa punje ya mtama. Baada ya nusu saa tukampa tone jingine. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, na Yuji akainua kichwa, akakiangusha, akakiinua tena, akajaribu kulamba unyayo wa mbele akaukosa.

Mzee Massoud akatoka nje akaenda kuswali. Alichelewa sana kurudi.

Aliporudi Bi Kazija alimwuliza swali moja, mbele yangu, bila kumtazama.

"Umesema?"

"Nimesema."

Akageukia ukutani. Siku tatu hakuzungumza naye. Alizungumza kupitia kwangu, kana kwamba mimi ni posta: "Mwambie mzee uji upo." "Mwambie mzee shati lake limekauka." Mzee alijibu kwa njia hiyo hiyo, nami nikapeleka ujumbe hatua mbili na kuurudisha. Yuji alikuwa hai lakini miguu ya nyuma haikumsikia. Panya angempita na kumwamkia. Kwa hiyo Mzee Massoud alihamisha mto wake, akawa analala kinyume, kichwa upande wa miguu ya mkewe. Hilo nililiona asubuhi, mito ilivyokaa. Sikuuliza, na hakuna aliyenituma ujumbe wowote juu yake.

Siku ya nne mvua ilikatika. Ernesti alipita akatuambia amewapata wanunuzi wake wote watano, wawili walikuwa wameharisha, hakuna aliyelazwa. Hakunipiga. Aliuliza habari za paka, akaondoka.

Baadaye kidogo Mama Yudith akatoka chumbani kwake na bakuli limefunikwa kwa sahani. Changu mbichi, amechemshwa bila chumvi, bila ndimu, ametolewa miba yote, ameachwa apoe. Alipita mbele yangu na Mzee Massoud pale barazani asitusalimu, kama mtu anayeogopa kwamba akisimama hataendelea. Akasimama kwenye pazia la chumba cha Bi Kazija, ambako miezi mitatu hakuwa amesimama.

"Hodi."

Akahamisha bakuli mkono wa pili.

"Hodi humu. Nimekuja kumjulia hali mgonjwa. Anaendeleaje?"

Mzee Massoud aliacha kupumua, nilimsikia alivyoacha.

"Yupi?" ikasema sauti ya Bi Kazija. "Wa miguu minne, au wa vidole tisa?"

Mama Yudith akalishika bakuli kwa mikono miwili.

"Wote wawili, dada," alisema.

"Basi ingia, utaona mwenyewe. Usivue viatu, sakafu ina maji." Pazia likasogea. "Na wewe, Massoud," akaongeza, jina ambalo hakulitaja siku tatu, "ingia. Chai haiwezi kukufuata huko nje."